Mashine Iliyogombana na Mishumaa

"Sikia mwenyewe," Orla alisema kwenye simu, bila hata salamu. Kisha ukasikika mngurumo, kama mtu anaburuta kabati juu ya dari.

"Ni nini hiyo, Orla?"

"Ni wewe hiyo! Mashine yako imeanza tena. Supu haijafika mezani, tayari inatupulizia kama tuko juu ya feri. Nimevaa skafu, Sidsel. Ndani ya nyumba! Mtu mzima nakula supu na skafu shingoni."

"Nakuja kesho kuiangalia."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo, ukaja, ukaiangalia, na yenyewe ikakuangalia. Basi." Akakata simu.

Sidsel Bjerregaard alibaki amesimama kwenye korido ya chuo, koti limevaliwa mkono mmoja. Orla hakuwa mzee wa kujibiwa ovyo. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, jirani wa ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyemfundisha Sidsel kuendesha baiskeli kwa kumsukuma mteremkoni na kupiga makofi. Mtu wa namna hiyo humtishi na masomo yako, hata ukisoma mpaka uote mvi.

Sidsel alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa huduma za majengo. Kwa lugha ya nyumbani, alisomea namna ya kuingiza maji, joto, hewa na mwanga ndani ya jengo, na namna ya kuvitoa vikishatumika. Hapa mjini Aalborg wanafunzi hufanya miradi kwa makundi, na kundi lake lilikuwa la watu wawili: yeye na Asger Kjeldsen, kijana mrefu wa pwani ya magharibi aliyekula mkate mweusi wenye maini ya kusaga asubuhi, mchana, na kila alipokosa jibu.

Mradi wao wa mwisho ulikuwa Kærvang, mtaa mdogo wa nyumba zilizozunguka bustani moja, wenye jengo la pamoja ambamo majirani hupika kwa zamu na kula meza moja. Sidsel alizaliwa hapo. Mama yake, Merete, alikuwa mwenyekiti wa mtaa mwaka huo. Ndiyo maana walipewa ruhusa kirahisi kufunga mashine yao ya hewa darini. Juu ya meza ya kulia walitundika kipimo kidogo, cha kunusa moshi, vumbi na pumzi za watu. Hewa ikichafuka, kipimo kinaiambia mashine, nayo inavuta hewa mbovu na kushusha safi, iliyokwisha kupata joto la ile inayotoka. Majira yote ya kiangazi ilifanya kazi kwa adabu, na Sidsel alitembea Kærvang kifua mbele.

Mwishoni mwa Oktoba ndipo ikachachamaa. Kila jioni watu wakiketi, inaanza kunguruma. Wakiinuka, inanyamaza. Majirani walivumilia, kisha wakanung'unika, kisha Orla akasimama mkutanoni akapendekeza ing'olewe na feni ya zamani irudishwe. Ikakubaliwa kwamba kura ingepigwa Jumapili ya sherehe ya mti wa Krismasi, watu wote wakiwepo.

Hapo ndipo roho ya Sidsel ilipokuwa inaning'inia. Mashine iking'olewa, hawana vipimo vya majira ya baridi. Bila vipimo hivyo hakuna mradi. Bila mradi waanze upya na jengo jingine, na kazi aliyoahidiwa katika mji wa Aarhus kuanzia mwezi wa pili ingepewa mtu mwingine. Na zaidi ya kazi, ilikuwa aibu. Kushindwa ugenini unaweza kuhama. Kushindwa mbele ya watu waliokubadilisha nepi utahamia wapi?

Wakaenda kwa msimamizi wao, Gudrun Thestrup. Gudrun aliwakaribisha, akawasogezea sahani ya biskuti za tangawizi, akawasha mshumaa katikati ya meza kama afanyavyo kila mtu mwenye heshima zake kuanzia mwezi wa kumi na moja, akavaa miwani.

"Haya. Mmeangalia nini?"

"Feni tumeifungua yote," alisema Asger. "Nzima."

"Vichujio?"

"Vipya. Tumebadilisha mara mbili," alisema Sidsel. "Nyaya tumezifuata moja moja. Hata panya tumemtafuta."

"Mlimpata?"

"Tulimpata. Lakini alikuwa amekufa zamani, hana hatia."

Gudrun akainamia michoro, mwali wa mshumaa ukimwangazia kidevu. "Kipimo kinasema kuna moshi na vumbi laini hewani. Moshi unatoka wapi? Jikoni?"

"Jiko lina njia yake ya hewa. Na hata siku za saladi inanguruma."

"Mtu anavuta sigara?"

"Kærvang? Mama angemtupa nje na kiti chake."

"Basi kipimo kinadanganya," alisema Gudrun, na wote watatu wakakubaliana, wakala biskuti, na Asger akasogeza mshumaa kando ili karatasi isishike moto.

Najua wewe msomaji umeshaona. Tulia, usiwacheke sana. Sisi watu wa huku ukituuliza chumbani kuna nini, tutakutajia meza, viti, picha za ukutani, na paka kama yupo. Mshumaa hatuutaji. Kuanzia majani yanapoanguka mpaka theluji inapoyeyuka, kila meza ina mishumaa, ya nyumbani, ya ofisini, ya shule ya watoto, hata ya daktari wa meno. Kwetu kuuona mshumaa ni kama mtu kuiona pua yake mwenyewe. Ipo mbele ya macho siku zote na hakuna anayeiona. Wasomi watatu wa hewa walikaa saa nzima wakitafuta moshi kwa mwanga wa moto.

Wakabadilisha kipimo. Kipimo kipya nacho kikasema vile vile.

Ikabaki wiki mbili kabla ya kura. Siku moja mchana Sidsel akaenda Kærvang peke yake, jengo likiwa tupu, akakaa kwenye meza ndefu na kompyuta yake kuiwinda mashine. Akasubiri. Kimya. Nje mvua ilikuwa inakwenda ubavuubavu, na mwanga ulikuwa umeshaanza kuondoka ijapokuwa watu walikuwa hawajasahau chakula cha mchana. Moyo ukamwingia unyonge. Akafanya ambacho yeyote kati yetu angefanya: akachukua kiberiti, akawasha mishumaa mitatu iliyokuwa mbele yake, akavuta kiti karibu.

Mashine ikaamka.

"Nimekukamata!" Sidsel akapuliza mishumaa, maana huachi moto chumbani bila mtu, akapanda ngazi mbio kwenda darini. Kufika, mashine ikaguna kidogo, ikatulia. Akaikagua kila upande. Kimya. Akashuka, akaketi, akawasha mishumaa.

Mashine ikaamka.

"Unanifanyia makusudi!" Akapuliza, akapanda. Ikalala. Akashuka amefura, akachukua kiberiti kwa mara ya tatu, akakwaruza, akausogeza moto kwenye utambi. Mkono ukasimama hapo hapo. Akautazama mshumaa. Akainua macho akakitazama kipimo, kilichoning'inia juu kidogo ya mshumaa ule. Akaendelea kutazama mpaka kiberiti kikamuunguza kidole.

"Mama yangu," alisema Sidsel.

Mama yake alipofika kupika zamu yake, alimkuta binti yake ameketi gizani akicheka peke yake, akashtuka sana.

Kesho yake Gudrun aliposikia habari hiyo, alikuwa ndiyo kwanza amewasha mshumaa wake. Aliutazama kama mtu aliyeambiwa mtoto wake kaiba dukani.

"Haiwezekani."

"Tazama mistari ya kipimo hapa kwenye kompyuta," alisema Sidsel. "Hapa nawasha. Hapa nazima. Hapa nawasha tena. Mezani pale huwa kuna mishumaa kumi na kitu kila jioni. Mwali ukisimama wima hautoi moshi wa kutisha. Lakini mashine yetu inashusha hewa kutoka juu, inauinamisha mwali, na mwali ukiinama unafuka. Mashine inaona moshi, inapuliza zaidi. Mwali unazidi kuinama."

"Wanagombana," alisema Asger, mdomo umejaa mkate.

"Wanagombana kila jioni, na Orla yuko katikati na supu yake."

Gudrun akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. "Miaka yote hii nafundisha hewa. Haya, mtafanyaje? Mtawaambia watu wasiwashe mishumaa? Mwezi wa Desemba?"

Hilo halikuwa swali la mtu mwenye akili timamu.

Njiani kurudi, Asger akaegemeza baiskeli yake. "Dawa iko. Tunakifumba kipimo. Tunaiambia mashine isijali moshi, ihesabu pumzi za watu tu. Kazi ya jioni moja. Inanyamaza, Orla anafurahi, kura tunashinda, tunakwenda nyumbani kula bata wa Krismasi."

"Na moshi?"

"Walikuwa wanaula kabla hatujazaliwa."

Sidsel alitamani sana kukubali. Usiku ule ule angeweza kulala usingizi. Lakini aliwakumbuka wale watoto wadogo wa Kærvang, ambao huketi pua zao zikiwa usawa wa mwali, na akaona hawezi. "Tumeweka mashine isafishe hewa," alisema. "Hewa ikichafuka kweli, halafu sisi tuifumbe macho, basi tumesomea nini?"

"Nilijua utasema hivyo," Asger akaguna. "Ndiyo maana nimekuja na mkate wa ziada."

Wakarudi mwanzo. Na jibu, walipolikuta, lilikuwa katika somo la mwaka wa pili ambalo Asger alilala na Sidsel alichora maua pembeni. Hewa ya moto hupanda. Mshumaa wenyewe hunyanyua uchafu wake hadi darini, na mwili wa mtu hufanya vivyo hivyo, kwa sababu nao una joto. Ya nini kuupiga kwa hewa ya juu na kuurudisha kwenye supu? Leta hewa safi chini, pole pole, kupitia uwazi mpana ili isipige kelele, iteleze sakafuni. Watu na mishumaa wataipandisha wenyewe. Juu uivute tu, itoke zake.

Wakaingia karakana ya chuo. Wakatengeneza benchi refu la plaiwudi la kukaa kando ya ukuta, tumbo lake wazi na mbele limetobolewa matundu madogo madogo. Asger alitoboa mpaka mkono ukawa unatetemeka hata akishika kikombe. Wakalipeleka Kærvang kwa gari la kukodi, wakaliunganisha na bomba la hewa, wakaziba matundu ya juu yaliyokuwa yakipuliza. Merete alisimama mlangoni akiwaangalia.

"Mama, sema kitu."

"Mimi ni mwenyekiti. Nikisema kitu watasema nakupendelea." Akawaletea kahawa, akawawekea keki, akaongeza keki, akaondoka bila kusema kitu.

Jumapili ikafika. Jengo la pamoja lilijaa pomoni, babu, bibi, wajukuu, na soksi za sufu za kila rangi, maana viatu huachwa mlangoni. Maandazi ya duara yalitoka jikoni yakiwa na jemu na sukari ya unga, na sufuria ya mvinyo wa moto wenye viungo haikupoa. Katikati ulisimama mti wa Krismasi unaokaribia kugusa dari, na juu yake mishumaa ya kweli, kila tawi na wake, pembeni ndoo ya maji kwa lolote. Mezani ilikuwepo mingine. Mashine ilikuwa kazini tangu asubuhi na hakuna aliyegeuka. Watoto walipanga foleni kukaa kwenye benchi jipya.

Merete akagonga glasi. "Jamani, kura kabla ya kucheza, ili watu wacheze bila kinyongo."

Orla akasimama. Alikuwa amevaa tai. "Sitaongea sana," alisema, na majirani wakachekeana, kwa kuwa walimjua. "Naona vijana wamesikia kilio chetu, wameizima mashine yao. Wanajua adabu, nawashukuru. Angalieni mishumaa, imesimama kama walinzi. Hakuna kelele, hakuna upepo. Napendekeza ibaki hivi hivi kama ilivyo leo. Nani anaunga mkono?"

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja, mitatu, meza nzima. Asger akamshika Sidsel kiwiko. "Nyamaza," akamnong'oneza. "Wanaipigia kura wenyewe. Nyamaza tu, tumeshinda."

Sidsel alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa mikono kumi hivi kuinuka, na ndani yake kazi ya Aarhus ilikuwa inamwita kwa jina. Kisha akamtazama Orla, aliyekuwa amesimama pale amefurahi, akimpongeza kwa jambo ambalo hakulifanya.

"Haijazimwa, Orla."

"Eti?"

"Mashine haijazimwa. Inavuta tangu asubuhi, na sasa hivi inavuta kwa nguvu zake zote."

Mikono ikashuka nusu nusu, haijui iende wapi. Asger akafumba macho.

"Usinitanie mbele za watu, mtoto wewe."

"Sikutanii. Njoo uweke mkono hapa."

Orla akaja, akainama kwa taabu, akaweka kiganja mbele ya matundu ya benchi. "Hakuna kitu. Panya anapumua kwa nguvu kuliko hivi."

"Ndiyo hiyo."

"Hii?" Shingo ilimwiva wekundu. Hakuna mtu anayependa kuambiwa amesifia alichokuja kukizika. "Sawa. Kama kweli inafanya kazi, izime. Izime kabisa, mbele yetu. Tucheze, kisha ndipo tupige kura. Tuone kama kuna atakayeona tofauti."

"Orla!" alisema Merete.

"Mwenyekiti asimpendelee bintiye."

Sidsel akaenda ukutani, akaizima. Taa ndogo ya kijani ikafa. Watu wazima wakashikana mikono na watoto, wakafanya duara, kisha duara ndani ya duara, wakaanza kuuzunguka mti wakiimba.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili madirisha yakaanza kufanya ukungu pembeni. Wa tatu watu walikuwa wanavua sweta huku wanacheza, mkono mmoja hewani. Harufu ya sufu, mvinyo, nta na miguu ya watu ikajumuika na kukaa. Mtoto wa mapajani akaanza kulia, mwingine akampokea. Mtu akaona afungue mlango wa bustani. Upepo wa Desemba ukaingia na matone ya mvua, mishumaa yote ya mti ikalala upande mmoja, na Asger akaruka juu ya kiti kuiwahi ndoo.

"Funga mlango!" chumba kizima kikapiga kelele.

Ukafungwa. Joto likarudi na ndugu zake. Madirisha sasa yalikuwa meupe kabisa, yanatiririka. Duara likawa linakwenda kama treni inayopanda mlima, na watu mmoja mmoja walikuwa wanamtazama Orla. Naye hakumtazama mtu. Aliimba kwa sauti kubwa zaidi, tai imelegea, uso unang'aa, jasho linamdondoka puani. Akamaliza ubeti. Akaanza mwingine, akafika katikati, pumzi ikamwishia.

"Sidsel!"

"Naam, Orla."

"Iwashe."

"Kura bado hatujapiga."

"Kura ndiyo hii! Iwashe, msichana, kabla hamjanibeba!"

Kicheko kilipasuka mpaka mti ukatikisika. Sidsel alifika ukutani kabla kicheko hakijaisha, akabonyeza. Taa ya kijani ikarudi. Haikusikika sauti. Lakini baada ya nyimbo mbili ukungu ulianza kujikunja kwenye madirisha, kuanzia juu kushuka chini, mpaka taa za nyumba za ng'ambo ya bustani zikaonekana. Yule mtoto wa mapajani akalala. Merete akauliza kama bado kuna anayetaka kuhesabu mikono, akajibiwa alete maandazi.

Sidsel aliketi kwenye benchi. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani hadi ikamletea machozi, na hakuyaficha. Asger alimpungia kutoka upande wa pili, andazi kila mkono. Orla akaja na glasi yake, akajishusha taratibu kando yake. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Sisikii kitu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Miguuni pia sihisi kitu. Na haya mambo unayasomea miaka mingapi?"

"Mitatu na nusu."

"Miaka mitatu na nusu, ili mimi nisisikie kitu."

"Ili wewe usisikie kitu, Orla."

Orla akatikisa kichwa, akamgusisha glasi yake, akanywa.